Sura ya Sita: Koti la Mlenda

Mkamua miwa wa kando ya barabara hukupa juisi yake papo hapo, imetiwa ndimu na tangawizi, na hakuuzii ya jana. Ukiiacha juisi hiyo kwenye jagi bila barafu mpaka asubuhi, utaikuta imechacha. Chovya kijiko ukiinue, juisi itakifuata, inavutika kama mlenda. Utamu umepungua, uzito umeongezeka. Mtu wa nyumbani ataimwaga na kuosha jagi, basi.

Mwenye kiwanda cha sukari hana nafasi ya kumwaga. Muwa uliokatwa ukalala siku kadhaa shambani kabla ya kufika kiwandani hupata mlenda huo huo, na mlenda ukishaingia kwenye mitambo, vichujio vinakwama na sukari inagoma kuganda vizuri. Ulaya, ambako sukari hupatikana zaidi kwenye mizizi ya jamii ya bitiruti, wafanyakazi wa viwandani katika karne ya 19 waliyaita madonge hayo mayai ya chura, kwa jinsi yalivyofanana na mayai yenye utelezi yanayoelea dimbwini. Mwaka 1861 Louis Pasteur alieleza kwamba utelezi wa namna hiyo kwenye mvinyo ni kazi ya viumbe hai wasioonekana kwa macho. Mwaka 1874 utelezi wenyewe ukapewa jina la dekstrani, na miaka minne baadaye Mfaransa Philippe van Tieghem akampa bakteria anayeutengeneza jina la Leuconostoc.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Sukari ya chai ni molekuli mbili zilizoshikana, glukosi na fruktosi. Bakteria huyu hutoa kimeng'enya nje ya mwili wake, kimeng'enya kinaikata sukari, kinachukua glukosi na kuiunga na nyingine, na nyingine tena, mpaka mnyororo unakuwa na maelfu kwa maelfu ya vipande. Mnyororo wa sukari wa aina hiyo wanakemia huuita polisakaridi. Wanga wa unga wa ugali ni polisakaridi pia, na ufumwele wa pamba vilevile. Ila bakteria wana ufundi wao: hutengeneza aina nyingi mno za minyororo hii, na kila aina ina kazi katika maisha yao. Wapo wanaoitumia kama gundi. Ukoga unaoukwangua kwenye meno asubuhi umeshikiliwa kwa sehemu kubwa na mlenda wa bakteria aitwaye Streptococcus mutans, ambaye huupika kwa sukari uliyokula wewe. Wapo wanaoitumia kujikinga na ukavu. Na wapo, nitakaokaa nao muda mrefu zaidi katika sura hii, wanaojifunika nayo ili damu yetu isiwakamate.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya sukari ya Sweden ilipeleka tatizo lake la mlenda kwa wanakemia wa Chuo Kikuu cha Uppsala. Vita vilikuwa vimepamba moto Ulaya, na madaktari walikuwa wakitafuta kitu cha kumtia mishipani majeruhi anayevuja damu wakati damu ya kuongezewa haipo. Maji ya chumvi peke yake hayakai. Hupenya kuta za mishipa na kuingia kwenye nyama za mwili, na baada ya muda mfupi shinikizo la damu linashuka tena. Kinachoyashikilia maji ndani ya mishipa yetu ni molekuli kubwa kubwa, hasa protini iitwayo albumini. Mwanakemia Björn Ingelman na daktari Anders Grönwall waliona kwamba dekstrani ingeweza kushika nafasi hiyo. Ilivyotoka kwa bakteria ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo waliikatakata kwa asidi na kuchagua vipande vyenye uzito wa molekuli wa 70,000 hivi, ukubwa unaokaribiana na wa albumini, ambao figo haziupitishi kwa haraka. Mwaka 1947 kampuni ya Pharmacia iliingiza dripu hiyo sokoni kwa jina la Macrodex. Uchafu uliokuwa ukiziba vichujio vya kiwanda cha sukari sasa ulikuwa unamrudishia mtu mapigo ya moyo.

Dripu ya dekstrani haina tena heshima iliyokuwa nayo. Baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali, damu huchelewa kuganda, na leo madaktari wengi huanza na maji ya chumvi kisha damu yenyewe. Lakini tangu mwaka 1954 dekstrani imekuwa na kazi nyingine inayowagusa wanawake wengi wa kwetu: kubeba madini ya chuma. Chuma kikitiwa mwilini kwa sindano bila kufungwa na kitu ni sumu. Kikifungwa ndani ya dekstrani hukaa kimetulia, kikaachiwa kidogo kidogo kadiri mwili unavyotengeneza damu. Mjamzito aliyepungukiwa damu, ambaye vidonge vinamtapisha au muda wa kujifungua umemkaribia, anaweza kupewa dawa hiyo, naye hukaa chini ya uangalizi kwa sababu ya ule mzio niliousema.

Hadithi ya dekstrani ni ya mlenda usio na ubaya mkubwa. Ya pili ni ya mlenda unaoua.

Wazee wetu waliuita ugonjwa huu kichomi, nami nalipenda jina hilo kuliko nimonia, kwa sababu linasema mgonjwa anavyosikia: kila akivuta pumzi, kitu kinamchoma ubavuni. Bakteria anayeusababisha mara nyingi zaidi ni Streptococcus pneumoniae. Nitamwita bakteria wa kichomi, ingawa akiingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo huleta homa ya uti wa mgongo pia. Pasteur huko Ufaransa na daktari wa jeshi George Sternberg huko Marekani walimpata kila mmoja kivyake, mwaka 1881, kwenye mate. Hapo ndipo anapoishi, puani na kooni, hasa kwa watoto wadogo, na siku nyingi hamsumbui mwenye pua.

Ukimwotesha kwenye sahani ya maabara iliyotiwa damu, makundi yake hung'aa kama matone ya maji, na aina nyingine hulowana hadi matone yakaungana. Mng'ao huo ndio koti lake, mlenda wa polisakaridi unaomzunguka pande zote. Chembe nyeupe ya damu inayojaribu kumkamata bakteria huyu inafanana na mtu anayeshika kambale kwa mikono mitupu. Wapo pia ndugu zake waliopoteza uwezo wa kutengeneza koti. Makundi yao ni madogo, makavu, yenye mikunjo, na ukimdunga panya bakteria hao, panya anaendelea na maisha yake.

Tofauti hiyo kati ya wanaong'aa na wenye mikunjo ilimfikisha Frederick Griffith wa London mbali asikokutazamia. Mwaka 1928 aliripoti kwamba aliwachanganya bakteria wenye koti waliouawa kwa joto na bakteria hai wasio na koti, akawadunga panya. Panya walikufa, na ndani yao akakuta bakteria hai wenye koti. Wafu walikuwa wamewaachia walio hai siri ya ushonaji. Miaka 16 baadaye, mwaka 1944, Oswald Avery na wenzake Colin MacLeod na Maclyn McCarty walitangaza siri hiyo inabebwa na nini: DNA. Hivyo mojawapo ya ugunduzi mkubwa kabisa wa biolojia ulitoka kwenye swali la nani ana mlenda na nani hana.

Avery alikuwa ameanza kulishughulikia koti hilo zamani, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Mwaka 1917 yeye na Alphonse Dochez walionyesha kwamba wagonjwa wa kichomi wana kitu fulani cha bakteria kinachoelea kwenye damu yao na kutoka na mkojo, na kwamba kitu hicho hutofautiana kufuatana na aina ya bakteria. Alikisafisha kadiri alivyoweza, akawa na chupa ndogo yenye unga mchafu wa rangi ya kijivu, na kwa muda mrefu alikuwa akimwendea mwanakemia kijana Michael Heidelberger na chupa ile mkononi, akimsihi ausome unga huo. Heidelberger alikubali hatimaye. Mwaka 1923 wawili hao walichapisha jibu: ni sukari.

Wataalamu wengi hawakuwaamini. Iliaminika kwamba protini peke yake ndizo zinazoweza kuushtua mwili ukatengeneza kingamwili, na sukari ni chakula tu. Waliopinga walidai kuna protini kidogo imebaki ndani ya unga ule. Lakini kila uliposafishwa zaidi, ndivyo ulivyozidi kutambuliwa na kingamwili, na kila aina ya bakteria wa kichomi ikaonekana ina sukari yake, iliyoungwa kwa mpangilio wake. Leo aina zinazojulikana zimepita 100. Ni bakteria mmoja mwenye makoti zaidi ya 100, na kingamwili inayolitambua koti moja mara nyingi hailitambui jingine.

Mwaka 1930 Thomas Francis na William Tillett waliona kwamba hata mtu aliyechomwa ndani ya ngozi kiasi kidogo sana cha sukari hiyo safi hutengeneza kingamwili dhidi yake. Maana yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa inawezekana kuchukua koti bila mwenye koti, kitu kisicho na uhai, kisichoweza kuzaana wala kuambukiza, na kumfundisha nacho mtu mzima adui anavyofanana.

Jaribio la kweli lilifanyika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwenye chuo cha jeshi la anga la Marekani huko Sioux Falls, jimbo la South Dakota, ambako vijana walilala kwa safu kwenye mabweni na kichomi kiliwarudia kila majira ya baridi. MacLeod, Heidelberger na wenzao waligawa wanajeshi wapatao 17,000 mafungu mawili. Nusu walichomwa sukari za aina 4 za bakteria, nusu maji ya chumvi. Kichomi cha aina zile 4 kiliwapata 4 kati ya waliochanjwa na 26 kati ya wasiochanjwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1945.

Wakati huo huo penisilini ikafika. Kwa daktari wa miaka ya 1940 ilikuwa kama muujiza, na nani angehangaika kuchanja watu dhidi ya ugonjwa unaopona kwa sindano? Chanjo zilizotengenezwa baada ya vita hazikupata wanunuzi, zikaondolewa sokoni. Mtu mmoja hakukubali. Robert Austrian alikaa miaka kumi kwenye hospitali moja ya Brooklyn akihesabu wagonjwa, na mwaka 1964 akatoa hesabu inayouma: wale wanaokufa kwa kichomi siku tano za mwanzo hufa karibu sawasawa, wapewe penisilini au wasipewe. Dawa inawafikia wakiwa wameshaharibika. Kwao hao, njia pekee ni kutougua.

Austrian alirudi kwenye chanjo ya sukari, na mahali alipoijaribu palikuwa Afrika, kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vijana waliokuja migodini kutoka mbali walikuwa wakifa kwa kichomi miezi yao ya kwanza tangu mwanzo wa karne, tangu siku zile Almroth Wright alipoitwa kutoka London mwaka 1911 kujaribu chanjo yake ya bakteria wazima waliouawa. Wachimbaji wageni ndio walioonyesha kwamba chanjo ya Austrian inafanya kazi. Chanjo ya aina 14 ilipata kibali Marekani mwaka 1977, na ya aina 23 ikafuata mwaka 1983. Inafaa tulijue hilo kila tunapoambiwa kwamba chanjo ni zawadi iliyotoka nje: vifua vilivyoithibitisha vilikuwa vya vijana wa bara hili.

Dozi ya chanjo hiyo ya aina 23 ina mikrogramu 25 za kila sukari. Jumla haifiki miligramu moja, sawa na uzito wa punje ya sukari au chini yake.

Ilikuwa na kasoro moja, tena mbaya. Haikufanya kazi kwa watoto wa chini ya miaka miwili, na hao ndio wanaokufa zaidi kwa kichomi.

Kasoro hiyo ina maelezo. Mnyororo wa sukari ni kipande kimoja kinachojirudia tena na tena. Chembe za damu zinazotengeneza kingamwili zikiushika mnyororo huo hushtuka zenyewe na kuanza kazi, bila kuwaita wenzao wanaoitwa seli T, ambao kazi yao ni kusaidia na kuhakikisha somo halisahauliki. Seli T husoma protini, na sukari tupu haiwaambii kitu. Mtu mzima hujiweza kwa kiasi fulani hata bila msaada huo, lakini kinga yake hupungua na miaka. Mtoto mchanga hawezi. Ukimchoma sukari tupu, ni kama hukumchoma.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa imelala kabatini. Mwaka 1929 Avery na Walther Goebel walikuwa wameshaonyesha, kwa sungura, kwamba sukari isiyoushtua mwili ikifungwa kwenye protini, mwili unaisikia. Ilipita karibu nusu karne kabla ya watu kuitumia kwa binadamu. Rachel Schneerson na John Robbins katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na Porter Anderson na David Smith huko Rochester, walichukua koti la bakteria mwingine, Haemophilus influenzae aina b, ambaye kwa kifupi huitwa Hib na ambaye alikuwa akiwaacha watoto viziwi au kuwaua kwa homa ya uti wa mgongo, wakaliunga kikemia na protini. Protini walizotumia zilikuwa tayari zinajulikana na kila muuguzi: sumu ya pepopunda au ya dondakoo iliyofishwa makali. Seli T zinaisoma protini ya pepopunda, zinaitikia, na kwa kuwa sukari imeshikana nayo, somo la sukari linaingia pamoja. Mtoto wa wiki sita anatengeneza kingamwili, na anakumbuka. Chanjo ya kwanza ya namna hii ilipata kibali Marekani mwaka 1987, na tangu 1990 ikaruhusiwa kwa wachanga. Kwangu mimi hiki ndicho kitendo kizuri kuliko vyote katika historia ya mlenda.

Nilikuwa nimempeleka mtoto wa dada yangu kliniki, mama kijana aliyenitangulia kwenye foleni akaona sindano mbili zimewekwa tayari kwenye trei.

"Nesi, mbili kwa siku moja? Si zitamchosha?"

"Hazimchoshi, mwanangu. Paja la kushoto hii penta, la kulia hii ya kichomi. Mshike goti, usilegeze."

Mtoto alilia mara mbili, mara ya pili kwa hasira zaidi, kisha akanyonya akalala. Ndani ya penta kulikuwa na kinga ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na Hib. Hiyo ya tano ni sukari, mikrogramu chache tu, iliyofungwa kwenye protini. Ndani ya ile ya kulia, ambayo kwenye kadi huandikwa PCV, kuna sukari za aina 10 au 13 za bakteria wa kichomi, kila moja na protini yake. PCV ya aina 10 iliyoanza kutumika Kenya mwaka 2011 ilikuwa na mikrogramu 16 za sukari, ukijumlisha zote. Nesi hakuwa na muda wa kuyasema hayo, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kenya iliingiza kinga ya Hib kwenye penta mwaka 2001. Huko Kilifi, watafiti wa taasisi za KEMRI na Wellcome walikuwa wakihesabu kila mtoto aliyelazwa hospitali ya wilaya, na walikuwa wameanza kuhesabu kabla ya chanjo kuja, jambo ambalo ni adimu na la thamani. Kabla ya chanjo, watoto 66 kati ya kila 100,000 wa chini ya miaka mitano waliugua Hib vibaya kila mwaka. Kufikia 2004 na 2005 walikuwa chini ya 8. Ilipofika zamu ya PCV, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba maambukizi makali ya aina 10 zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo. Tena wasiochanjwa nao walipona kuugua, kwa sababu mtoto aliyechanjwa habebi bakteria hao puani kama zamani, basi hampelekei bibi yake. Tanzania ilianza kuitoa PCV nchi nzima mwaka 2013.

Kwa njia hiyo hiyo ya kufunga sukari kwenye protini ilitengenezwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa ajili ya ule ukanda wa Afrika unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Mwaka 1996 na 1997 mlipuko uliupiga ukanda huo, watu wapatao 250,000 wakaugua na 25,000 wakafa. Ulisababishwa hasa na bakteria mwenye koti la aina A. Nchi hizo ziliomba chanjo isiyozidi senti 50 za dola, na kampuni ya Serum Institute of India ikaitengeneza kwa bei hiyo. Ilianza kutolewa kwa wingi Burkina Faso mwezi Desemba 2010, na aina A ikatoweka karibu kabisa kila ilikopita. Chanjo mpya ya taifodi nayo imetokana na koti la bakteria wake lililofungwa kwenye protini ya pepopunda. Ilipojaribiwa kwa watoto wa Malawi ilizuia ugonjwa kwa zaidi ya asilimia 80.

Hata hivyo vita hivi havijaisha. Chanjo ya aina 10 au 13 inaziacha aina nyingine zaidi ya 80, na pua ya mtoto haikai tupu. Aina zilizofukuzwa zimeacha nafasi, nyingine zimeingia, na baadhi yake huugulisha. Ndiyo maana watengenezaji wanaongeza makoti, 15, kisha 20, na kila koti linaloongezwa linaongeza kazi na gharama, kwa sababu kila aina huoteshwa peke yake, sukari yake husafishwa peke yake na kufungwa kwenye protini peke yake. Wanasayansi wa Cuba walijaribu njia nyingine. Mwaka 2004 walichapisha habari za chanjo ya Hib ambayo sukari yake haikutoka kwa bakteria kabisa, waliiunga wenyewe maabara.

Kuna matumizi mengine ambayo nitayagusa tu. Anayefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hutiwa ndani ya jicho ute mzito unaolizuia lisisinyae na kukinga sehemu laini zisiguswe na chuma. Ute huo, asidi ya hailuroni, zamani ulikamuliwa kwenye nyama nyekundu ya kichwani mwa jogoo. Siku hizi sehemu kubwa hutengenezwa na bakteria wa jamii ya Streptococcus kwenye matangi, bakteria ambao kwa asili huutumia kama koti, na kwa kuwa ni sawasawa na ute ulio mwilini mwetu, askari wa damu huwapita wakidhani ni wenyeji. Wapo pia bakteria wa siki wanaofuma utando mweupe wa ufumwele safi, laini na wenye maji, ambao hufunika jeraha la moto bila kung'ang'ania nyama. Ni kazi nzuri zote mbili, lakini haziokoi watoto kwa idadi ya penta na PCV.

Nimebakiza bandama. Bakteria mwenye koti anayeponyoka kwenye mikono ya chembe nyeupe hukamatwa zaidi kwenye kiungo hicho, ambako damu hupita polepole na kuchujwa. Mtoto mwenye selimundu huharibikiwa bandama mapema, mara nyingi kabla ya kwenda shule, kwa sababu seli zenye umbo la mundu hukwama humo na kuiua kidogo kidogo. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2009 hesabu ya watoto kama hao: walikuwa na hatari ya kupata bakteria kwenye damu mara 26 hivi kuliko wenzao. Kati ya bakteria waliopatikana, asilimia 41 walikuwa wa kichomi na asilimia 12 walikuwa Hib. Zaidi ya nusu, kwa hiyo, walikuwa wavaa koti ambao chanjo zao zipo kliniki, bila malipo.

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, au shangazi, au bibi unayemlea: toa kadi ya kliniki leo. Tafuta PCV tatu na penta tatu, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama kuna nafasi haina tarehe, rudi kliniki hata kama umri umepita, useme wazi kwamba mtoto ana selimundu, na uulize pia kuhusu penisilini ya kila siku ambayo watoto hawa hupewa mpaka watimize miaka mitano. Na akipata homa usiku, usisubiri kupambazuke.